Mnatuuzia pampu moja kubwa ya nini?

Wasomaji wangu, leo mniwie radhi. Waliokuja kusoma kuhusu Linux na lugha za programu wanaweza kurudi wiki ijayo. Au wakae tu, maana haya ya leo yanahusu programu kuliko yanavyoonekana. Nataka kuzungumza kuhusu pampu za maji, na nina hasira.

Pampu yenyewe haina kosa, chuma ni chuma. Hasira yangu ni kwa namna tunavyouziwa mitambo ya maji huku Kajiado, kuanzia Kitengela na Isinya hadi huku kwetu Kona Baridi. Kila karatasi ya bei inayoletwa siku hizi inasema vilevile: pampu moja kubwa, inverta ya kubadili kasi yake, kisanduku chenye laini ya simu, na apu ya kutazama presha ukiwa kitandani. Mwisho wa karatasi, kwa maandishi madogo, kuna ada ya kila mwezi. Karatasi kama hiyo sasa iko mezani kwa kamati yetu ya maji, na Jumamosi wanachama wataulizwa kama wanakubali kuchanga. Mimi nitapinga. Hapa naweka sababu zangu zote, kwa sababu kwenye mkutano mtu hupewa dakika tatu.

Kwa wasiopajua, Kona Baridi ni pale unapotoka Kiserian kwa barabara ya Magadi, unazunguka mgongo wa vilima vya Ngong, na ghafla Bonde la Ufa lote linafunguka chini yako. Upepo hapa hauna huruma. Si bure kwamba mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo iliwekwa kwenye vilima hivi mwaka 1993. Na jina la Nairobi lenyewe limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Sisi baridi tumepewa, maji ndiyo bado.

Kuna miradi mikubwa ya maji nchini iliyobahatika. Bomba la Noolturesh linatoka chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok na kuteremka kuelekea Kajiado, Athi River na Machakos. Maji ya Mzima yamekuwa yakiteremka hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Huko kazi kubwa hufanywa na mteremko. Huku kwetu ni kinyume. Maji hutoka kwenye kisima kirefu cha kuchimbwa, au huletwa na lori kisima kikigoma, yanamwagwa kwenye tangi la saruji lililo chini, halafu yanatakiwa kupanda hadi kwenye nyumba zilizotawanyika kwenye mteremko. Nyumba ya juu kabisa iko mita 45 juu ya tangi. Kumbukeni namba hiyo, 45, kwa sababu ndiyo inayoiua hoja ya muuzaji.

Haya, tuanze na jinsi watu wanavyotumia maji. Wengi wetu tunafanya kazi mjini. Saa kumi na moja alfajiri taa zinawaka, shawa zinafunguliwa karibu zote kwa wakati mmoja, na kufikia saa moja watu wako kwenye foleni barabarani. Baada ya hapo mtaa unanyamaza. Asubuhi ya katikati kuna kufua na kuosha vyombo, mchana ni kidogo, jioni maji yanapanda tena. Jumamosi kila mtu anafua. Saa nane za usiku matumizi ya mtaa mzima ni choo kimoja kinachojaza maji na bomba la mtu fulani ambalo limekuwa likidondoka tangu Krismasi. Watu wa Kitengela mtanielewa, kwenu ni vilevile, ila nyinyi mnalala kidogo zaidi.

Tuseme saa kumi na mbili kasoro tunahitaji lita 18,000 kwa saa, na saa nane usiku tunahitaji lita 300. Hiyo ni tofauti ya mara 60. Sasa nikuulize wewe uliyewahi kusimama steji ya Kiserian ukingojea 126: ungekuwa mwenye sacco, ungenunua basi moja la abiria 60 na kuliendesha mchana na usiku, hata kama saa nane za usiku lina abiria mmoja? Na siku hilo basi likikwama, watu wote watembee? Huwezi. Unanunua magari madogo, na steji panakuwa na mtu anayeangalia foleni. Foleni ikirefuka anaachilia gari lingine. Foleni ikiisha anayapumzisha. Tena anaangalia ni la nani limefanya safari nyingi, ili lingine nalo litoke.

Hiyo ndiyo maana ya kupanga pampu kwa zamu. Pampu tatu ndogo badala ya moja kubwa. Ya kwanza inafanya kazi, matumizi yakiizidi inaingia ya pili, kisha ya tatu, na yakipungua zinatoka moja moja. Hakuna uvumbuzi hapo. Umeme wa nchi hii unaendeshwa kwa wazo hilohilo: mvuke wa Olkaria unazunguka mchana na usiku, na jioni Wakenya wakiwasha taa mashine za maji za mabwawa ya mto Tana huongezwa. Hakuna aliyependekeza Kenya iwe na mashine moja kubwa ya umeme yenye apu.

Lakini muuzaji ana jibu, na ni jibu linalovutia, kwa hiyo tulichukue kwa uzito wake. Anasema: "Injinia, hii pampu kubwa ina inverta. Matumizi yakishuka inapunguza mwendo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, umeme unashuka hadi sehemu moja ya nane!" Kisha anafungua picha yenye mstari unaoshuka kama mteremko wa kwenda Olepolos, na wanakamati wanatikisa vichwa.

Sheria anayoitaja ni ya kweli. Katika pampu ya aina hii, kiasi cha maji hufuata kasi, uwezo wa kuinua hufuata kasi mara kasi, na nguvu hufuata kasi mara tatu yake kwa kuzidishwa. Nusu ya kasi: nusu ya maji, robo ya uwezo wa kuinua, moja ya nane ya nguvu. Umeona alichokiruka? ROBO YA UWEZO WA KUINUA.

Mstari wake unafaa mahali ambapo maji yanazunguka tu, kwa mfano maji ya kupoza jengo, yanayotoka na kurudi palepale, ambako adui pekee ni msuguano wa bomba. Sisi tunapandisha mlima. Mlima haupungui saa nane za usiku kwa sababu watu wamelala.

Fanya hesabu pamoja nami, si ngumu. Nyumba ya juu iko mita 45. Ili shawa yake itoe maji ya maana, ongeza mita 15 za presha. Jumla mita 60, kabla hujahesabu msuguano. Pampu aliyotuletea, ikizunguka kwa kasi kamili na mabomba yote yakiwa yamefungwa, inaweza kusukuma hadi mita 75. Ikitoa lita 18,000 kwa saa inasukuma mita 66, yaani zile 60 na msuguano wa mita 6. Sasa ipunguze hadi nusu ya kasi. Robo ya 75 ni mita 18.75. Maji yatapanda mlima, yatafika kama kwa jirani wa tatu, na yatasimama hapo yakitafakari.

Basi inaweza kupunguza kasi hadi wapi? Tafuta kasi ambayo 75 inakuwa 60. Gawanya 60 kwa 75, unapata 0.8, tafuta kipeuo cha pili, unapata karibu 0.894. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo inverta inaweza kushuka hadi kama hezi 44.7. Chini ya hapo nyumba ya juu inakosa presha. Ile hekaya ya "moja ya nane" imekufa. Kilichobaki ni punguzo la asilimia kumi hivi la kasi, na pampu ya kilowati 7.5 inayokoroga maji usiku kucha ili kujaza choo kimoja.

Na kukoroga maji si bure. Kuinua lita 1,000 hadi mita 60 kunahitaji kilowati-saa 0.16 tu kama hakuna kinachopotea. Pampu ikifanya kazi mahali inapopapenda, tuseme kwa ufanisi wa asilimia 55, unalipia 0.3 hivi. Pampu hiyohiyo ikitoa kijidondoo cha maji ambacho haikuundwa kukitoa, ufanisi unaporomoka. Ukiuweka hata asilimia 20, lita zilezile 1,000 zinakula 0.8. Maji ni yaleyale, mlima ni uleule, na tokeni zinaisha mara mbili na zaidi. Halafu apu inakuonyesha mchoro mzuri wa kijani wa jinsi ulivyookoa!

Hapa watu wa inverta watanirukia. Tulieni. Inverta ni kifaa kizuri, inaanzisha mota polepole na kuisimamisha polepole, na kwenye mlima hilo lina thamani. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yakisimamishwa ghafla hutoa kishindo cha presha cha bar 12 hivi juu ya ile iliyokuwepo. Mrusi Nikolai Joukowsky alilifanyia majaribio jambo hilo kwenye mabomba ya Moscow miaka ya 1890. Ukiwahi kusikia bomba likigonga "ngo!" ndani ya ukuta usiku, ni yeye anakusalimu. Mimi mwenyewe ningeweka inverta kwenye pampu moja kati ya tatu. Ninachokataa ni kuitumia kuficha kosa la ukubwa.

Na kuficha ndiko. Pampu isiyo na inverta inahitaji tangi dogo la presha ili isiwake na kuzima kila choo kinapovutwa. Hali mbaya kabisa ni pale matumizi yanapokuwa nusu ya uwezo wa pampu, na hapo muda kati ya kuwaka na kuwaka tena ni maji yanayotumika ya tangi mara nne, gawanya kwa uwezo wa pampu. Chukua tangi la presha la lita 300. (Usidanganywe na hiyo 300. Nyingi ni hewa. Kati ya bar 6.2 na 7.3, ambako sisi tungefanyia kazi, linatoa kama lita 40 tu.) Kwa pampu moja ya lita 18,000 kwa saa, hali mbaya ni kuwaka mara 112 kwa saa. Mota itaungua kabla ya mazishi yake kupangwa. Kwa pampu ndogo ya lita 6,000 ni mara 37, na kwa kuwa ziko tatu zinazopokezana, kila moja inawaka mara 12 au 13, na hilo unaweza kulilinganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mota. Kwa hiyo inverta ya muuzaji haikuja kuokoa stima. Ilikuja kwa sababu bila hiyo pampu yake isingemaliza mwezi.

Sasa tuje kwenye sehemu yangu, yaani programu, kwa sababu hapa ndipo tunapotishwa zaidi. Tunaambiwa kupanga pampu kwa zamu ni jambo gumu, linahitaji "akili bandia" na seva iliyoko nje ya nchi. Akili hiyo nitaiandika hapa mbele yenu:

kama presha iko chini ya bar 6.2 kwa sekunde 5 mfululizo:
    washa pampu nyingine, yenye saa chache za kazi
kama pampu N zinafanya kazi, N ni zaidi ya 1, na mtiririko uko chini ya lita 6,000 × (N − 1) kwa saa, kwa sekunde 60 mfululizo:
    zima ile yenye saa nyingi za kazi
kama tangi la chini liko karibu kuisha:
    zima zote

Hiyo ndiyo akili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika kabla ya chai ya saa nne. Lakini (na hapa ndipo napenda watu wa programu wasikie) ufupi wake haumaanishi kwamba ni ya kuandikwa ovyo. Ina mitego, na mitego hiyo ndiyo tungepaswa kumlipa mtu aijue.

Mtego wa kwanza. Utaona nimewasha kwa presha lakini nimezima kwa mtiririko. Kwa nini nisizime pia kwa presha? Watu wengi hufanya hivyo: washa ikifika 6.2, zima ikifika 7.0. Inaonekana salama, kuna nafasi katikati. Hebu ifuate kwa karatasi. Pampu mbili ndogo zikifanya kazi na presha ikafika 7.0, zote pamoja zinatoa kama lita 7,600 kwa saa. Zima moja, na aliyebaki anabeba 7,600 peke yake. Uwezo wake mzuri ni 6,000. Presha inaanguka hadi bar 5.9 hivi, chini ya 6.2, na pampu ya pili inawaka tena. Dakika moja baadaye presha ni 7.0, inazimwa. Inawaka. Inazimwa. Usiku kucha. Ukiweka 7.1 badala ya 7.0, ugonjwa unakwisha! Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya bar, na vipimo vingi vya presha vilivyokaa miaka miwili kwenye vumbi letu vimepotoka kuliko hapo. Ndiyo maana nasema nunueni mita ya mtiririko, ambayo mnaihitaji hata kwa kugundua mivujo, na zimeni kwa hiyo. Nimekaa na watu waliobadilisha mota mbili kwa ajili ya jambo hili, na wakaambiwa tatizo ni "stima ya Kenya".

Mtego wa pili wataupenda waliowahi kukesha wakitafuta kosa kwenye programu. Tuseme panya ametafuna waya wa kihisi cha presha. Programu ya ovyo inasoma sifuri. Presha sifuri? Basi washa zote tatu! Nyumba ya pampu inanguruma, mabomba ya bondeni yanabeba presha kamili, na asubuhi mnatafuta nani wa kulaumu. Sifuri na kutojua ni vitu viwili tofauti. Wahandisi wa viwandani walilielewa hili zamani sana, ndiyo maana vihisi vyao hutuma miliampia 4 kumaanisha "presha ni sifuri" na 20 kumaanisha presha ya juu. Ukiona miliampia 0, maana yake waya umekatika. Sisi wa programu bado tunabishana kuhusu jambo hili kwenye hifadhidata zetu.

Mtego wa tatu ni stima kurudi. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mnakumbuka. Umeme unaporudi baada ya saa nyingi, mabomba yamekauka, kila bomba la jikoni limeachwa wazi na mtu aliyekuwa akijaribu kama maji yapo, na presha iko chini kabisa. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara tano hadi saba ya kawaida yake. Ukiziwasha tatu pamoja kwenye laini ya kijijini iliyochoka, unaizima stima uliyoingoja siku nzima, na maji yanayokimbilia bomba tupu yanapiga kona kwa kishindo. Kwa hiyo: moja kwanza, subiri mabomba yajae, kisha nyingine.

Mitego ipo mingine, ila hiyo mitatu inatosha kuonyesha ninachotaka. Hakuna hata mmoja unaohitaji seva. Yote inatatuliwa ndani ya kisanduku kilicho ukutani mwa nyumba ya pampu, na kila mmoja unahitaji mtu anayeweza KUUFUNGUA msimbo, akausoma, akabadilisha 7.0 kuwa 7.1.

Na hapo ndipo ninapochukia zaidi ile karatasi ya bei. Niliuliza kama fundi wetu wa stima ataruhusiwa kuona programu iliyo ndani ya kisanduku. Jibu: hapana, ina nywila, ni "siri ya kampuni". Siri gani? Mistari sita niliyoandika hapo juu?

Kompyuta za viwandani zinazofanya kazi kama hii zilizaliwa Marekani mwaka 1968, pale General Motors walipochoka kubomoa makabati ya rilei kila walipobadilisha modeli ya gari, na kundi la Dick Morley likatengeneza ile iliyokuja kuitwa Modicon 084. Lugha yao ya programu ilichorwa kama ngazi, kwa kufuata michoro ya rilei, kwa makusudi, ili fundi wa umeme wa kiwandani aisome bila kwenda chuo kikuu. Yaani zaidi ya nusu karne iliyopita watu walikaa wakafikiri: huyu fundi atakayeitwa usiku, ataelewa? Leo analetewa kisanduku asichoruhusiwa kukifungua, na tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Fundi wetu hapa anarekebisha mota, jenereta na redio, na alisoma mchoro wangu wa ngazi kwa dakika kumi akanionyesha mahali ambapo swichi ya dharura ingekaa vizuri zaidi.

Na kisanduku hicho kikipoteza intaneti? Muuzaji anasema haiwezi kutokea, mtandao siku hizi upo kila mahali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Seva yake iko nje, kamati yetu iko Kona Baridi, na katikati kuna bahari. Halafu kuna lile la kampuni kuamua tu kwamba imechoka na wewe. Mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilizima seva za kifaa cha nyumbani kilichoitwa Revolv, na vifaa ambavyo watu walikuwa wamevinunua kwa pesa zao vikageuka vya kushikilia mlango. Hiyo ilikuwa ni taa na vitasa. Hapa tunazungumzia maji ya kuoga mtoto.

Sisi wa programu tuna hatia yetu humu, tusijifiche nyuma ya wauzaji. Tunapenda skrini. Mtu akitupa kazi ya maji tunaanza na mahali pa kuingiza nywila na michoro inayocheza, kwa sababu ndivyo tunavyovijua, na ile mistari sita inayoamua kama mama wa nyumba ya juu ataoga tunaiacha ya mwisho, usiku wa kuamkia kukabidhi. Taarifa kwa simu ni nzuri, mimi ninazitaka! Nitumieni ujumbe mfupi pampu ya pili ikikataa kuwaka. Lakini simu iambiwe kilichotokea, isiwe ndiyo inayoamua.

Pingamizi nitakazosikia Jumamosi nazijua. Ya kwanza, pampu tatu ni ghali kuliko moja. Tatu za kilowati 2.2 zina valvu tatu za kuzuia maji kurudi, swichi tatu, na viungo vingi zaidi vya kuvuja, ni kweli. Lakini kamati mwaka jana ilizungumzia kununua pampu ya akiba iwapo kubwa itakufa, na bei ya akiba hiyo haimo kwenye karatasi ya muuzaji. Kwa pampu tatu, akiba imo tayari: moja ikiungua, mbili zinabeba theluthi mbili, na watu wanapanga kuoga kwa zamu badala ya kumpigia simu mwenye lori. Ya pili, mzee mmoja ninayemheshimu sana ataniuliza, "Kijana wa kompyuta, kwa nini tusiweke tangi juu ya mlima tuache maji yateremke?" Mzee, uko sahihi kuliko sote. Tungekuwa na kiwanja mita 15 juu ya nyumba ya mwisho, ningesema wekeni tangi, sukumeni maji polepole, na hii makala nisingeiandika. Hatuna. Mgongo ule una wenyewe, na mnara wa urefu huo kwenye upepo huu ni mradi mwingine wa pesa nyingine. Waliopata mahali pa tangi, msinunue ninachokipendekeza hapa.

Ya tatu itakuwa "lakini majirani wote wameweka ile kubwa." Hiyo sina jibu lake la kihesabu.

Kwa hiyo Jumamosi nitaomba kamati imrudishie muuzaji mambo manne kabla ya shilingi moja kutoka. Alete grafu ya pampu yake yenye mstari wa ufanisi, si picha ya "moja ya nane". Aandike kwa mkono wake kasi ya chini kabisa ambayo nyumba ya mita 45 bado itapata presha ya mita 15. Atuonyeshe kisanduku kikifanya kazi saa 24 laini ya simu ikiwa imetolewa. Na atukabidhi programu na nywila yake siku ya kulipwa, pamoja na funguo za mlango. Akikubali yote manne nitanyamaza, hata kama pampu ni moja.

Wenye mitambo ya namna hii Kitengela, Isinya, Ngong au kwingineko kwenye mlima, nitumieni grafu ya pampu yenu, urefu wa kupandisha, na namba za kuwasha na kuzima zilizowekwa. Nitazipitisha kwenye hesabu hii hii na kuwarudishia majibu, bila malipo, mradi nywila mnayo.